Kununua gari lililoundwa upya: Kwa nini kumbukumbu za fundi zina thamani Kasese na Bwera

Mtu anayetafuta gari au pikipiki iliyotumika mjini Bwera, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Mpondwe, kwa kawaida hufanya mambo matatu. Huwasha injini na kuisikiliza. Huzunguka chombo akitazama rangi na matairi. Kisha huomba kuona kitabu cha usajili, ambacho wengi hukiita logibuku, ili ahakikishe kwamba jina lililomo ni la yule anayemuuzia.

Yote matatu ni ya busara. Hata hivyo, chombo kikiwa kimewahi kufunguliwa na kufungwa upya gerejini, kikabadilishwa injini, kikarefushwa fremu au kuvishwa bodi nyingine, hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalojibu swali lililo zito zaidi: kazi hii ilifanywa na nani, lini, na kwa vipande vilivyotoka wapi?

Jibu la swali hilo, likiwapo, limo katika risiti zilizofungwa kwa mpira, katika picha zilizohifadhiwa kwenye simu, au katika daftari la shule lenye alama za vidole vya grisi. Wauzaji wengi huona karatasi hizo kuwa takataka. Wanunuzi wengi hawazidai. Ndipo watu hutoa akiba ya miaka kadhaa kununua kitu ambacho hakuna anayeweza kukieleza.

Gari linalojengwa na mwenyewe

Katika nchi kama Uingereza kuna magari yanayouzwa yakiwa vipande ndani ya masanduku, na mnunuzi huyaunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Mojawapo ya yaliyovuma ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957. Sababu kubwa ya mtindo huo ilikuwa kodi: gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, bali vipande vyake vilikwepa mzigo huo. Husimuliwa kwamba kanuni haikuruhusu vipande hivyo viandamane na maelekezo ya kuviunganisha, basi kampuni ikatoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973, lakini magari ya aina hiyo yanaendelea kujengwa hadi leo.

Gari kama hilo linapouzwa kwa mara ya pili, mnunuzi mzoefu huomba faili la ujenzi wake kabla hata ya kufungua boneti. Anajua kwamba hakuna magari mawili ya namna hiyo yaliyo sawa. Kiwanda hakiwezi kulisemea, kwa sababu si kiwanda kilichokaza boliti zake. Aliyezikaza ni mtu mmoja, katika banda moja, na huenda siku hiyo alikuwa makini au alikuwa amechoka.

Soko la magari ya masanduku halipo Kasese. Jambo lenyewe, hata hivyo, lipo, na pengine ni kubwa kuliko huko lilikoanzia. Pikipiki nyingi za muundo wa India zinazobeba abiria na magunia ya kahawa kutoka milima ya Kyondo na Ihandiro ziliingia Uganda zikiwa vipande, zikaunganishwa humu nchini. Malori mengi hununuliwa yakiwa fremu na kichwa tu, kisha mafundi wa kuchomelea na maseremala huyajengea bodi ya vyuma na mbao kulingana na mzigo wa mwenye lori. Na gari dogo la Kijapani linapokufa injini, ni nadra mwenye gari kuifufua ile ya zamani; huagiza nyingine iliyotumika, iliyotoka Japani au Dubai, kupitia maduka ya spea ya Kampala. Miaka michache baadaye huja giaboksi ya gari la pili, na mlango wa gari la tatu. Gari lililoorodheshwa katika kitabu cha usajili likawa limebaki jina.

Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu Kaskazini, kuna chombo kingine kinachoundwa kwa mikono: chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, ambayo Goma imeipa heshima ya sanamu ya rangi ya dhahabu. Mnunuzi wa chukudu hahitaji kumbukumbu yoyote. Kila ubao na kila msumari anauona kwa macho yake. Gari halimpi fursa hiyo, kwani sehemu zake zinazoweza kuua zimefichwa chini ya rangi, chini ya zulia, na ndani ya ngoma za breki.

Injini inasifiwa, fremu inasahauliwa

Kwa miaka mingi mamlaka ya Uingereza ya usajili wa magari ilitumia hesabu ya pointi kuamua iwapo gari lililoundwa upya linastahili kubaki na utambulisho wake wa awali. Fremu, au bodi nzima kwa magari yasiyo na fremu ya kujitegemea, ilipewa pointi 5. Usukani, ekseli, giaboksi na mfumo wa springi vilipewa pointi 2 kila kimoja. Injini ilipewa pointi 1. Gari lilihitaji angalau pointi 8, na fremu sharti iwe ya asili au mpya kutoka kiwandani. Gari ambalo umri au asili yake haikuweza kuthibitishwa lilipewa namba inayoanza na herufi Q, na kila mnunuzi aliyeiona herufi hiyo alijua kwamba historia ya chombo hicho ina pengo.

Uganda haina hesabu hiyo. Lakini uwiano wake unafundisha, kwa sababu unakinzana na mazungumzo ya mnunuzi na dalali katika viwanja vya kuuzia magari. Huko injini ndiyo husifiwa: haivuti moshi, haili mafuta, inapanda mlima bila kulalamika. Fremu haitajwi. Ilhali injini mbovu humwacha dereva njiani, na fremu iliyopasuka humpeleka korongoni.

Tuseme mfanyabiashara wa kahawa wa Bwera ameonyeshwa lori ambalo fremu yake ilikatwa katikati na kurefushwa ili lipate bodi kubwa. Kazi kama hiyo inawezekana, na hufanywa vizuri na mafundi wanaoijua: chuma cha unene unaolingana, kiungo kilichokatwa kwa mshazari badala ya mkato ulionyooka, bamba la kuimarisha lililofungwa kwa boliti au kuchomelewa kwa uangalifu, na shafti ya kupeleka nguvu nyuma iliyorefushwa na kusawazishwa upya. Inawezekana pia kufanywa vibaya, kwa chuma cha geti na saa mbili za umeme wa kuchomelea. Zikishapakwa rangi nyeusi, fremu hizo mbili zinafanana. Tofauti yake huonekana siku lori litakapobeba tani zake zote kwenye mteremko wakati wa mvua.

Picha moja ya fremu ikiwa uchi, iliyopigwa kabla ya rangi kupakwa, humweleza mnunuzi mengi kuliko saa nzima ya kupiga matairi teke. Risiti ya chuma inayoonyesha unene ulionunuliwa humweleza zaidi. Na jina la fundi pamoja na namba yake ya simu humpa mtu wa kumuuliza. Vitu vitatu, vyote vya bei nafuu, na vyote haviwezekani kupatikana baada ya kazi kufunikwa.

Kitabu cha usajili kinasema nini?

Kitabu cha usajili kinaonyesha mwenye gari, namba ya fremu, namba ya injini, rangi, aina ya bodi na mwaka wa kutengenezwa. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inamtaka mwenye chombo aarifu mabadiliko ya maelezo hayo. Kazi ya usajili, iliyokuwa chini ya Mamlaka ya Mapato, ilihamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwaka 2021, na wakaguzi wa magari wa polisi ndio wanaoangalia kama chombo kinalingana na karatasi zake.

Kwa maneno mengine, injini ikibadilishwa, kitabu nacho kinapaswa kubadilishwa. Mara nyingi hakibadilishwi. Mwenye gari anataka kurudi barabarani kesho yake, safari ya ofisini ina gharama, na gari linaendesheka bila karatasi hiyo. Tatizo hulala kimya hadi siku ya kuuza. Mnunuzi ndiye hulirithi: anapokwenda kuhamisha umiliki, namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini haifanani na iliyoandikwa kitabuni, na yeye, ambaye hajawahi kuifungua boneti hiyo, ndiye anayetakiwa kueleza injini ilitoka wapi.

Hapo risiti ya duka la spea hugeuka kuwa ngao. Risiti yenye tarehe, jina la duka na, muhimu kuliko yote, namba ya injini iliyouzwa, inaonyesha kwamba injini ilinunuliwa kwa haki. Isipokuwapo, hakuna anayeweza kuondoa shaka kwamba ilitolewa katika gari la wizi. Risiti iliyoandikwa tu "injini moja" haimlindi mtu yeyote. Mnunuzi wa spea anayejali atasimama dukani hadi namba iandikwe.

Novemba 2023 Uganda ilianza kutoa vibao vipya vya usajili vya kidijitali, vilivyokusudiwa kusaidia vyombo vya usalama kufuatilia magari. Kibao hicho kinaweza kuonyesha gari lilipo. Hakiwezi kuonyesha lina injini ya nani.

Mpakani mambo huwa magumu zaidi. Kati ya Bwera na Kasindi watu ni wa ukoo mmoja, Wakonzo upande huu na Wanande upande ule, na Kiswahili ndicho lugha ya biashara kati yao na wageni wao. Si ajabu mtu kuonyeshwa gari lenye usajili wa Kongo kwa bei inayovutia. Kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukulifanya gari la Kasindi kuwa la Bwera: ili lisajiliwe Uganda sharti lipitie forodha kama gari lolote linaloingia. Tena tangu mwaka 2018 sheria inazuia kuingizwa nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache zilizotajwa. Umri huo huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa. Rangi mpya, viti vipya na injini changa havimrudishii mzee ujana wake, na mnunuzi aliyetazama upya wa rangi tu anaweza kujikuta na gari ambalo hana njia halali ya kulisajili.

Kumbukumbu inayofaa huwaje?

Mtu akisikia neno kumbukumbu anaweza kufikiria faili la ofisini lenye muhuri. Gereji za Kasese haziendeshwi hivyo. Kumbukumbu iliyo ya kweli huwa imetawanyika: risiti mbili katika kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, picha saba katika simu ya mwenye gari, ujumbe wa sauti wa fundi akieleza kwa nini giaboksi ilichelewa, na ujumbe wa kutuma pesa kwa simu. Ujumbe huo wa pesa hausemi kilichonunuliwa, lakini hutaja tarehe na kiasi, na tarehe ndiyo uti wa mgongo wa kumbukumbu. Pesa zilizotumwa kwa muuza spea tarehe 3, picha ya injini ikiwa imening'inia kwenye mnyororo tarehe 5, na sauti ya fundi ya tarehe 6: mtu hahitaji kuwa hakimu ili aone kwamba vitu hivyo vinashuhudiana.

Ndani ya kumbukumbu hizo, mambo madogo ndiyo huwa na faida ya kila siku. Mfano ni injini iliyochongwa. Silinda zikilika, fundi huzichonga zipanuke kidogo na kuweka pistoni kubwa kuliko za kawaida, labda kwa nusu milimita. Kazi hiyo ni ya halali na huirudishia injini nguvu. Lakini kuanzia siku hiyo ringi za kipimo cha kawaida hazitaifaa tena. Fundi wa baadaye asiyejua ataagiza za kawaida kutoka Kampala, zitafika kwa basi kama kifurushi, na zitakataa. Gari litakaa juu ya mawe siku nyingine tatu, au wiki. Mstari mmoja wa daftari unaotaja kipimo ungeokoa yote hayo.

Breki ni mfano mzito zaidi. Gari lenye ekseli ya modeli moja na breki za modeli nyingine linaweza kusimama vizuri kabisa kwa miaka. Ila mpira wa breki unapochakaa, muuza spea huuliza swali lake la kawaida: gari gani, mwaka gani? Mwenye gari hutaja jina lililo nyuma ya gari. Hupewa mpira wa gari hilo. Mpira huo unakaribia kutosha. Katika breki, kukaribia kutosha ni kubaya kuliko kutotosha kabisa, kwa kuwa kisichotosha hurudishwa dukani, na kinachokaribia hufungwa na kutumika.

Kwa sababu hiyo, muuzaji anayeweza kusema "breki za mbele ni za modeli fulani, hizi hapa namba za spea" anauza chombo chenye thamani kuliko jirani yake mwenye gari linalong'aa. Anauza pia uwezekano wa kulitengeneza.

Mafundi wenyewe hawapaswi kulaumiwa haraka. Wengi wana kumbukumbu ya kushangaza, wakaijua kila injini waliyoigusa kwa sauti yake. Wateja wao hawajawahi kuwaomba maandishi, wala kulipia muda wa kuyaandika. Tatizo ni kwamba fundi naye ni binadamu: huhamia Mbarara, hufuata kazi Butembo, huugua. Ujuzi uliokuwa kichwani mwake huondoka naye, na gari hubaki.

Kasese yenyewe ni mji uliokuzwa na mashine. Reli kutoka Kampala iliufikia mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe, na katika kazi za reli na migodi ni desturi mashine kuwa na kitabu chake ambamo kila matengenezo huandikwa. Wazo hilo, basi, si geni chini ya Rwenzori. Limekosa tu kuvuka kutoka karakana kubwa hadi kwenye gereji ya mwembeni.

Karatasi na chuma vikutanishwe

Kumbukumbu nazo huweza kughushiwa. Risiti kumi zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, zote zikiwa safi kama zimetoka kiwandani, zinastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko mbili zilizochanika. Faili zuri linaweza pia kuwa la gari jingine kabisa. Ndiyo maana mnunuzi makini haridhiki na karatasi mpaka azikutanishe na chuma.

Kwa magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kazi hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mengi yana kibamba kidogo cha chuma, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, chenye alama ya modeli, aina ya injini iliyowekwa kiwandani, namba ya fremu na alama ya rangi ya awali. Kama kibamba kinataja aina moja ya injini na bloku imegongwa alama ya aina nyingine, injini imebadilishwa. Hilo halina mjadala. Kama alama ya rangi ni ya nyeupe na gari ni la buluu, kuna sababu iliyolifanya lipakwe upya. Si lazima iwe sababu mbaya. Muuzaji apewe nafasi ya kuieleza, na maelezo yake yalinganishwe na tarehe za risiti. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma nayo itazamwe kwa kurunzi: tarakimu zilizopinda, zilizosuguliwa au zilizozungukwa na mshono wa kuchomelea zinatosha kumfanya mtu arudishe pesa zake mfukoni.

Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze rangi humsaidia mnunuzi kujua bati lilipokunjwa na kujazwa dongo la kuzibia, maana sumaku haishiki hapo. Mlango uliozibwa si hatari. Nguzo ya mlango iliyozibwa, au sakafu chini ya zulia, ni habari nyingine, kwa sababu kwenye gari lisilo na fremu ya kujitegemea hizo ndizo zinazolishikilia.

Ikiwa hakuna kumbukumbu yoyote

Itakuwa hivyo mara nyingi, na haimaanishi kwamba muuzaji ni tapeli. Watu waaminifu wengi hawatunzi karatasi. Njia iliyobaki ni kumwomba muuzaji waende pamoja kwa fundi aliyefanya kazi. Fundi anayejiamini huinama chini ya gari na kuonyesha mishono yake kwa kidole, kama seremala anavyoonyesha maungio ya kabati. Anayeanza kutafuta sababu za kuondoka naye ametoa jibu. Baada ya hapo, fundi wa pili asiye na uhusiano na muuzaji alilipwe alitazame gari likiwa limeinuliwa. Malipo yake ni madogo yakilinganishwa na bei ya gari.

Kisha bei. Chombo kisicho na historia kihesabiwe kana kwamba breki, usukani na viungo vya fremu vitahitaji kufunguliwa na kukaguliwa mara tu kitakaponunuliwa, na gharama hiyo iondolewe katika bei inayotajwa. Muuzaji asipokubali, mnunuzi atakuwa amejua kwamba anaombwa kulipia kitu ambacho hakionekani. Hapa ndipo wauzaji wenye daftari wanapopata faida ya haki: hawana haja ya kupunguza.

Makubaliano ya kuuziana, ambayo kwa desturi ya Uganda hushuhudiwa na mwenyekiti wa LC1 na kupigwa muhuri wake, mara nyingi hutaja majina, bei na namba ya usajili, basi. Hakuna kinachozuia kuongeza namba ya fremu, namba ya injini iliyomo kwa sasa, na sentensi ya muuzaji kwamba injini au bodi ilibadilishwa lini na wapi. Mstari huo humlinda hata muuzaji mwenyewe, iwapo miaka miwili baadaye gari litakamatwa kwa kosa lisilo lake. Na kitabu cha usajili chenyewe sharti kionekane kikiwa halisi. Muuzaji mwenye nakala tu huenda ameweka kile halisi rehani kwa mkopeshaji, na deni hilo halitaondoka kwa sababu gari limebadilisha dereva.

Siku ya kulichukua gari, kabla ya kupita Kikorongo kuelekea Kasese, kuna kazi ya dakika kumi inayomngoja mwenye gari mpya. Simu itolewe, na picha zipigwe: kibamba cha modeli, namba ya fremu, namba ya injini, kipima mwendo, chini ya gari pande zote nne. Daftari la shilingi chache linunuliwe dukani, na katika ukurasa wa kwanza iandikwe tarehe, kilomita zilizosomeka, jina la fundi wa mwisho na namba yake, na kila alichosema muuzaji kuhusu kilichobadilishwa, hata yale ambayo mnunuzi hakuyaamini.